Sura ya Tano: Maneno ya Kidau cha Wino

Mtu aliyekwisha kuijua lugha ya Kiingereza kiasi cha kusomea gazeti na kuandikia barua ya kuomba kazi aghalabu hufika mahali ambapo lugha ile humgeukia ikawa ngeni upya. Afunguapo kitabu cha sheria, au hotuba ya mwanachuoni, au hata swali la mtihani lisilozidi mstari mmoja, hukuta maneno marefu ambayo sokoni hayasikiki wala nyumbani hayatamkwi, naye hudhani kwamba kilichompungukia ni wingi wa maneno, na kwamba dawa ya uchache ni kukariri. Basi hununua kijitabu cha maneno magumu, akayahifadhi kwa mfuatano wa herufi, na baada ya muda si mrefu hujikuta amebaki na machache tu, tena hayo machache akiyatia mahali pasipo pake. Sura hii yakusudia kumwonyesha msomaji wa namna hiyo kwamba maneno mazito ya Kiingereza ni jamii yenye nasaba na daraja, na kwamba yeye aliyelelewa katika Kiswahili amekwisha kufundishwa na lugha yake mwenyewe, bila ya kujitambua, adabu ya kuishi na jamii kama hiyo.

Tazama tunavyosema. Mtoto huuliza, askari huhoji, na kamati ya kuajiri husaili. Neno la kwanza ni la asili ya Kibantu, na mawili yaliyofuata yalitujia kutoka Kiarabu. Na japokuwa yote matatu ni maneno ya kutaka jawabu, hakuna mama wa Pwani atakayemtuma mwanawe dukani akasaili bei ya chumvi. Hatukufundishwa jambo hili darasani; ulimi wenyewe wakataa. Kadhalika twajua kwamba paka hufa na mzee hufariki, kwamba mtu ana nyumba kubwa lakini Mola ana rehema adhimu. Mwingereza naye ana “ask”, neno la wahenga wake, ana “question” lililotoka Ufaransa, na ana “interrogate” lililochotwa katika Kilatini, na tofauti ya matatu hayo ni ya daraja na ya mahali kuliko ya maana. Anayejua kwamba kusaili si kuuliza tu hana haja ya kufundishwa upya kwamba “interrogate” si “ask” lililovaa kanzu; ana haja tu ya kuambiwa ngazi hizo zilijengwa lini na nani.

Zilijengwa kwanza kwa upanga. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, alivuka bahari nyembamba iliyopo baina ya Ufaransa na Uingereza, akamshinda Mfalme Harold karibu na Hastings, akavikwa taji Westminster siku ya Krismasi ya mwaka ule ule. Tangu siku hiyo, kwa muda upatao karne tatu, Kifaransa kikawa lugha ya baraza la mfalme, ya mabwana wa ardhi na ya mahakama, Kilatini kikabaki mikononi mwa makasisi, na Kiingereza kikaachiwa wakulima na watumishi. Mwaka 1362 bunge lilipitisha sheria kwamba kesi zinenwe kwa Kiingereza kwa kuwa raia hawakifahamu Kifaransa. Na ajabu ya mambo ni kwamba sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Kiingereza kiliporudi katika kiti chake kilikuwa kimekwisha kubeba maelfu ya maneno ya wale waliokitawala, na ndiyo maana hata leo “judge”, “justice”, “prison”, “parliament” na “government” yote ni ya nasaba ya Kifaransa, ilhali nyumba na mkate, maji na moto, mama na mwana vimebaki na majina ya kale. Msomaji wa Kiswahili na astaajabu kidogo kisha atulie, maana hakimu, mahakama, sheria, wakili na hukumu nazo hazikuota katika shamba la Kibantu.

Ngazi ya tatu ilijengwa kwa kalamu, na hapa ndipo kisa kinaponoga. Baada ya William Caxton kuleta mtambo wa kupigia chapa huko Westminster mwaka 1476, na elimu ya kale ya Warumi na Wayunani kufufuka, wanachuoni wa Kiingereza wa karne ya kumi na sita walijiona maskini wa maneno. Wakawa wachukua tamko la Kilatini zimazima, wakalikata mkia, na kulitia katika lugha yao mchana kweupe. Wapinzani wao waliyaita matamko hayo maneno ya kidau cha wino, kwa maana ya kwamba yalitoka katika pembe ya kuchovyea kalamu, hayakutoka kinywani mwa binadamu. Sir John Cheke, aliyekuwa mwalimu wa Kiyunani huko Cambridge na mfunzi wa Mfalme Edward wa Sita, aliandika mwaka 1557 kwamba Kiingereza kiachwe safi bila ya kukopa, ingawa katika barua hiyo hiyo ya kukataza mikopo yeye mwenyewe hakuweza kuiepuka. Thomas Wilson alichagua dhihaka: katika kitabu chake cha ufasaha cha mwaka 1553 alitunga barua ya mtu mmoja aombaye kupewa kanisa lililo wazi, akaijaza matamko ya Kilatini mpaka ikashindwa kupumua, ili wasomaji wacheke.

Wasomaji walicheka, lakini wakati haukucheka pamoja nao. Miongoni mwa maneno ya mzaha aliyoyatia Wilson katika barua ile, “ingent”, lililokusudiwa kumaanisha kubwa mno, lilikufa na halina hata kaburi. Lakini “capacity”, “dexterity”, “affability” na “celebrate”, yaliyokuwa katika barua ile ile na kuchekwa siku ile ile, leo ni maneno ya kila mtu, na la mwisho huandikwa hata juu ya kadi za siku ya kuzaliwa. Mimi husoma kisa hiki kwa furaha maalumu, kwa sababu humvua mwanafunzi hofu iliyo kubwa kuliko zote, hofu ya kudhani kwamba neno gumu lina ugumu ndani yake kama kokwa ndani ya embe. Halina. Ugumu wa neno ni kutozoewa, na Mwingereza wa mwaka 1553 aliyekuwa hakulizoea “celebrate” alilitazama kwa jicho lile lile ambalo kijana wa kidato cha pili hulitazamia “exacerbate”.

Kwa hakika kamusi za Kiingereza zenyewe zilizaliwa kwa ajili ya watu wenye taabu hii. Ile ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza, iliyotolewa na Robert Cawdrey mwaka 1604, haikushughulika na maneno yote; ilikusanya yapata 2,500 tu, nayo yalikuwa maneno magumu yaliyotoka Kiyunani, Kilatini, Kifaransa na kwingineko, yakafasiriwa kwa maneno mepesi kwa manufaa ya wanawake na watu wengine wasiopata masomo ya Kilatini. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake kubwa mwaka 1755, yenye maneno zaidi ya 40,000, alikuwa amekwisha kupanua kazi hiyo ikawa kitu kingine kabisa. Lakini mwanzo ule na usisahauliwe: wenye lugha yao walihitaji mkalimani katika nyumba yao wenyewe.

Sasa, katika bahari hiyo ya maneno, mwanafunzi ayaandame yapi? Hapa wengi hupotea, maana huvutwa na yale ya kutisha, wakajifunza “sesquipedalian” kabla hawajalijua sawasawa “whereas”. Michael West, aliyefundisha Kiingereza miaka mingi huko Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno 2,000 yatumikayo kuliko mengine. Na mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alipochunguza maandishi ya vyuo vikuu, yenye jumla ya maneno milioni tatu na nusu, ya sanaa, biashara, sheria na sayansi, aliona kwamba maneno ya West yalikuwa yapata robo tatu ya maandishi hayo, na kwamba jamii nyingine 570 tu za maneno, zilizo nje ya orodha ya West, zilichukua karibu sehemu ya kumi nyingine. Hizo 570 si za taaluma moja. Ni “assume”, “derive”, “evaluate”, “indicate”, “subsequent”, “whereas”, na ndugu zao.

Nawaomba walimu wa nchi zetu wasimame kidogo hapa. Katika Tanzania, ambako tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza, mtoto aingiapo kidato cha kwanza hufafanuliwa neno “osmosis” kwa picha, kwa jaribio na kwa viazi ndani ya maji ya chumvi, kwa kuwa kila mwalimu wa biolojia ajua kwamba neno hilo ni geni. Lakini neno “derive” lililokaa kimya katika swali la mtihani wa somo hilo hilo hakuna anayelifafanua, maana mwalimu wa biolojia hudhani ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza hudhani ni la biolojia. Mtoto huanguka mtihani kwa neno ambalo halina mwenyewe. Lau ningepewa mamlaka juu ya mitaala kwa siku moja tu, ningeanza na hayo 570, na maneno ya kujishaua ningeyaacha yasubiri likizo.

Katika kujifunza, msaada mkubwa ni nasaba. Mswahili aliyesoma kidogo ajua kwamba elimu, mwalimu, maalumu, taaluma na ulamaa ni watoto wa shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kujua, na akilikuta neno jipya lenye sura hiyo hubahatisha maana yake bila ya kukosea sana. Kilatini kimefanya hivyo hivyo katika Kiingereza. Chukua shina la kitenzi chao cha kuongoza, “duc” au “duct”: kuongoza mbele ni “produce”, kurudisha nyuma ni “reduce”, kumvuta mtu aingie katika jambo ni “induce”, kutoa hukumu kutoka katika dalili ni “deduce”, na kumwongoza mtu mbali na kwao pasipo ridhaa yake ni “abduct”. Anayeshika shina hili pamoja na viambishi vitano sita vya mbele hana tena maneno matano ya kukariri, ana ukoo mmoja wa kuufahamu. Lakini nasaba hueleza alikotoka mtu, haielezi kazi aifanyayo leo. Neno “egregious” kwa asili yake ya Kilatini ni kile kilichotoka nje ya kundi, nalo zamani lilikuwa sifa njema ya mtu aliyewapita wenziwe. Hivi leo ni lawama tupu, na anayemwandikia mkuu wake kwamba utumishi wake ni “egregious” kwa kutegemea Kilatini na ajiandae kutafuta kazi nyingine.

Katika karne iliyopita hakuna mtu aliyesifika kwa kujitafutia maneno kuliko Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani Weusi, na kisa chake, alichokisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1965, chastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu aghalabu husimuliwa nusu. Alitiwa gerezani mwaka 1946, kijana mwenye umri wa miaka ishirini, aliyeacha shule baada ya darasa la nane, hodari wa lugha ya vichochoro vya Boston na Harlem lakini asiyeweza kuandika sentensi sahihi. Kilichomuudhi zaidi ni barua: alitaka kumwandikia Elijah Muhammad, kiongozi wa jumuiya ya Nation of Islam, akaona kwamba yale aliyokuwa akiyasema mitaani kwa ufasaha wa kuwateka watu hayakubali kukaa juu ya karatasi. Alipohamishiwa gereza la Norfolk huko Massachusetts, mwaka 1948, aliomba kamusi, madaftari na penseli. Na kwa kuwa hakujua aanze na neno lipi, alianza na ukurasa wa kwanza, akaunakili wote kwa mwandiko wake mbovu, hata nukta na vituo, kisha akajisomea kwa sauti yote aliyoyaandika. Kesho yake akajipima kwa yale aliyoyakumbuka. Neno alilolitaja baadaye kuwa lilimkaa akilini ni “aardvark”, naye ni mhanga, yule mnyama wetu wa masikio marefu achimbuaye vichuguu usiku kula mchwa, ambaye jina lake la Kiingereza limetoka kwa Makaburu wa Afrika Kusini. Akaendelea ukurasa baada ya ukurasa, mpaka, kwa maneno yake, akaimaliza kamusi nzima.

Nusu ya kisa ni hiyo, na walimu wengi huishia hapo, wakawatwika vijana kazi ya kunakili. Nusu ya pili ndiyo iliyo muhimu. Malcolm alisema kwamba baada ya kupata maneno aliweza kwa mara ya kwanza kufungua kitabu na kukielewa, na tangu hapo hakuachana na vitabu; Norfolk ilikuwa na maktaba nzuri isiyokuwa ya kawaida kwa gereza, naye alisoma historia na falsafa mchana kutwa, na taa zilipozimwa saa nne za usiku aliketi sakafuni kufuata mwangaza hafifu wa ukumbini, akirukia kitandani kila askari wa zamu alipopita na kujifanya amelala. Kamusi ilimpa majina, vitabu vikampa kuonana na wenye majina hayo tena na tena katika hali mbalimbali, na pasipo kuonana huko ukurasa wa mhanga ungefutika kama ulivyoandikwa. Mtu aliyefika Dar es Salaam Oktoba 1964, akaonana na Rais Nyerere na kuzungumza naye mambo ya dunia, hakufunzwa na orodha.

Kwamba kilichosomwa mara moja hufutika, Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani alilithibitisha mwaka 1885 kwa kujifanyia majaribio mwenyewe, akihifadhi silabi zisizo na maana yoyote na kupima alichobakiwa nacho: hasara kubwa hutokea katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ya kusahau hupungua. Basi neno lirudiwe leo jioni, kesho, wiki ijayo, na mwezi ujao, na si mara nyingi katika usiku mmoja. Mjerumani mwingine, Sebastian Leitner, alieleza mwaka 1972 namna ya kulifanya jambo hili kwa vikadi na sanduku lenye vyumba, na programu nyingi za simu za siku hizi zimetokana na fikira hiyo. Zaidi ya haya sina la kuongeza. Ni kazi ya kudumu, haihitaji falsafa.

Lenye kuhitaji akili zaidi ni kujua neno liketi na nani. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, hata iwe njema namna gani, ikikwambia kwamba “notorious” ni mashuhuri imesema kweli nusu, maana mashuhuri wetu huweza kuwa mwema, na “notorious” ni mtu aliyejulikana kwa ubaya. Na mwenyekiti akikaribishwa jukwaani kwa neno hilo, wajuao watainama kuficha vicheko. Vivyo hivyo “fulsome”, ambalo wengi huambatanisha na sifa wakidhani kwamba ni sifa zilizojaa, kwa wasomaji makini ni sifa zilizopita kiasi hata zikachusha. Kwa ajili hiyo mwanafunzi aliyefikia daraja hii na awe na kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wageni. Ya namna hiyo iliyovuma kuliko zote iliasisiwa na A. S. Hornby, mwalimu Mwingereza aliyefundisha miaka mingi Japani, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942 vita vikiwa vimepamba moto, na Oxford wakaichukua na kuitoa tena 1948. Fadhila yake ni kwamba pamoja na maana ya neno huonyesha mwenendo wake: kwamba “discuss” halitaki “about” nyuma yake, japokuwa sisi tunaozungumza kuhusu jambo twaona uchungu kuliacha, na kwamba “advice” na “equipment” hayaongezwi herufi ya wingi hata ushauri uwe wa watu mia na vyombo vijaze ghala.

Najua kwamba kuna hoja ya upande wa pili, nayo ina mabingwa. Ndugu wawili wa Fowler walipendekeza mwaka 1906 kwamba mwandishi achague neno lililozoewa kabla ya la mbali, na la asili ya Kiingereza kabla ya la Kilatini. Na George Orwell, mwaka 1946, aliwashambulia waandishi wa siasa waliojificha nyuma ya maneno mapana ili ukatili usionekane. Nawakubali wote, ila wao walikuwa wakisema na watu waliokwisha kuwa na ghala iliyojaa, wakiwasihi wasimwage nafaka. Aliye na neno moja tu la hasira hana la kuchagua, na haiwezekani kumsifu kwa kiasi mtu ambaye hakuwa na cha kupita kiasi nacho.

Zoezi la mwisho nitakalolieleza ni la kale, na kwa maoni yangu ni bora kuliko yote. Roger Ascham, aliyefunzwa na yule yule Sir John Cheke mwenye kuchukia mikopo, na baadaye akawa mfunzi wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliliweka katika kitabu chake cha ualimu kilichotolewa mwaka 1570, miaka miwili baada ya kufa kwake: mwanafunzi atafsiri kifungu cha Cicero kwa Kiingereza, akifunge kitabu, apumzike muda, kisha akirudishe kifungu kile katika Kilatini kwa kutazama tafsiri yake tu, na kukilinganisha na cha Cicero. Sisi twaweza kulifanya baina ya Kiingereza na Kiswahili, na tunao watangulizi katika nusu ya kwanza ya safari: Shaaban Robert, ambaye masomo yake ya shule yalikoma 1926, aliyapitia mashairi ya Omar Khayyam katika Kiingereza cha FitzGerald na kuyatoa kwa Kiswahili mwaka 1952, na Nyerere, akiwa na dola nzima mabegani, alimfasiri Julius Caesar wa Shakespeare mwaka 1963 na kutoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Watu waliopima kila neno la kigeni kwa mizani ya Kiswahili namna hiyo hawakubaki na Kiingereza cha juu juu.

Chagua basi aya moja ya mwandishi mzuri wa Kiingereza, isiyozidi mistari kumi, uiandike kwa Kiswahili kilicho safi kadiri ya uwezo wako, bila ya kuogopa kutumia mafasaha yako yote. Iweke wiki nzima. Kisha kaa na tafsiri yako peke yake, uirudishe Kiingereza, na baada ya hapo ndipo ufungue kitabu. Utakuta kwamba pale ulipoandika “said” mwandishi aliandika “conceded”, na ukirudi katika Kiswahili chako utaona uliandika kwamba mtu yule alikubali shingo upande. Maana ulikuwa nayo kamili, katika lugha yako, ikakosa njia ya kupitia. Neno hilo liandike katika daftari pamoja na sentensi yote lilimokaa, na pembeni yake uandike ile shingo upande.